STERING HAFI, NA ADUI NI WEWE



Kijana mwenzangu wa Garsen, wa Minjila, wa Tarasaa, wa Hola, nikuulize jambo moja kabla hujamaliza bando kwa hiyo muvi unayoshusha. Mara ya mwisho ulipomwona mtu wa kanzu na ndevu kwa filamu ya upelelezi, alikuwa akifanya nini? Alikuwa akiuza dukani? Alikuwa akimpeleka mtoto hospitali? Alikuwa akitega bomu, na wajua. Na ukisikia adhana kwa filamu ya Kimarekani, kaa chonjo, kitu chalipuka sasa hivi.

Sote tumelelewa na vidio. Unalipa shilingi zako, unakaa kwa benchi, DJ Afro anatafsiri kwa maneno yake mpaka mbavu zinauma, na sheria ni moja: stering hafi. Mimi pia nimepiga makofi, sijitoi. Stering anamkaba adui mpaka aseme bomu liko wapi, ukumbi wote juu! Nusu yetu tuna kofia vichwani, tumetoka kuswali Maghrib dakika kumi zilizopita, na tunashangilia kipigo cha mtu mwenye jina la ami yetu.

Chukua 24, ile ya Jack Bauer. Ilianza kuonyeshwa Marekani Novemba 2001, miezi miwili tu baada ya Septemba 11. Kila msimu ni hadithi ileile: saa inahesabu, muda umekwisha, kwa hivyo mtese mshukiwa. Na kila akiteswa anasema ukweli! Mambo yalifika mahali mwaka wa 2006 jenerali wa jeshi la Marekani, Patrick Finnegan, mkuu wa masomo katika chuo cha kijeshi cha West Point, alikwenda mwenyewe kuonana na watengenezaji awaombe wapunguze. Wanafunzi wake walikuwa wanaona wanachofanya Bauer ni sawa. Jenerali wa Marekani, si Shekhe wa Mombasa. Na mwaka uliofuata, 2007, Mkenya mmoja alikamatwa hapa Mombasa, akaishia Guantánamo. Alirudi Desemba 2024. Hakuwahi kushtakiwa kwa kosa lolote. Hesabu mwenyewe miaka hiyo.

Utaniambia, "Bro, ni muvi tu." Haya, sikiza.

Niliwahi kushushwa basi kizuizini, mahali sitapataja. Tulishushwa wachache, na hukuhitaji akili nyingi kujua ni kina nani. Askari alikuwa kijana wa umri wangu, hata hakuwa na hasira. Alitazama kitambulisho, akanitazama ndevu, akacheka akasema, "Wewe unakaa kama wale wa muvi." Hakusema nafanana na mtu anayetafutwa. Hakutaja ripoti. Alisema muvi! Yeye na mimi tulikuwa tumekaa kwa benchi moja la vidio, tofauti ni kwamba yeye alitoka akiwa stering.

Na tusidanganyane, sisemi ugaidi ni hadithi. Mpeketoni Juni 2014 watu zaidi ya 60 waliuawa. Nyongoro Januari 2020 basi lilishambuliwa, na hao waliokuwa ndani ni abiria kama mimi na wewe. Anayemwaga damu namna hiyo hana wakili kwangu. Ninachokataa ni kwamba mimi nilipie deni lake kila nikipanda basi kwenda Lamu.

Sasa njoo kwa Eye in the Sky ya 2015, maana hii ni ya kwetu. Eti ni Eastleigh, Nairobi. Wanamgambo wenye bunduki wanazunguka mitaani mchana kweupe, na serikali ya Kenya haiwezi kuingia. Wewe umefika Eastleigh. Umeona bunduki gani Garissa Lodge zaidi ya ile ya mlinzi wa benki? Filamu yenyewe ilipigwa Afrika Kusini. Nitakuwa mwadilifu: mle ndani kuna jasusi Msomali shujaa, Barkhad Abdi, na kuna mtoto Alia anayeuza mikate ambaye wazazi wake ni watu wazuri. Mpaka wanamgambo wenyewe wanang'oa bunduki kwa gari ili mtoto abebwe hospitali. Hapo nililia, kweli. Lakini tazama nani anaamua. Wanaoamua wako London, anayebonyeza yuko Nevada. Mkenya anangoja. Uchungu wote wa filamu ni wa Mzungu anayeumia roho kwa sababu analazimika kumuua mtoto wetu.

Na usidhani kiti hiki cha adui kilitengenezewa Waislamu. Mwaka wa 1955 Waingereza walitoa filamu iitwayo Simba, Dirk Bogarde ndani, na adui alikuwa Mau Mau: mtu mweusi wa panga usiku, hana sababu, hana mama. Wakati watu wanaitazama huko Uingereza, kambi za kizuizini zilikuwa zimejaa hapa. Miaka minne baadaye, tarehe 3 Machi 1959, hapa Hola, ndani ya Tana River yetu, walinzi waliwapiga marungu wafungwa mpaka 11 wakafa. Serikali ya mkoloni ilitangaza nini kwanza? Kwamba walikunywa maji wakafa. MAJI! Hadithi ya upelelezi hii: maiti kumi na moja, wakubwa wanaoficha, uchunguzi wa daktari unaofichua. Mbona hakuna Jack Bauer wa Hola? Kwa sababu muuaji angekuwa na kofia ya serikali, na maiti walishapewa jina la magaidi zamani. Wengi wa waliouawa hawakuwa Waislamu, na haidhuru. Mjukuu wa aliyeitwa gaidi 1959 huenda leo ndiye anayekushusha basi.

Na sisi? Hapa nitawaudhi wengine. Mwaka wa 2012, tarehe 22 Agosti, Riketa, watu zaidi ya 50 waliuawa, wengi wanawake na watoto. Kisha kisasi Chamwanamuma, kisha Kilelengwani, mpaka Kipao Desemba. Kuna Waislamu pande zote mbili. Kabla ya panga kulikuwa na maneno, na maneno yalikuwa ya muvi: wale ni hivi, wale hawana utu, wale wanakuja usiku. Mpaka leo nasikia vijana wetu wakisema "Mwoorma" au "Mpokomo" kama vile DJ anavyosema "adui." Tukilia na Hollywood huku tunafanya hivyo Garsen sokoni, tunajichekesha.

Kuna filamu fupi yaitwa Watu Wote, ya 2017. Inatokana na basi la Mandera la Desemba 2015, abiria Waislamu walipokataa kutengwa na Wakristo wenzao. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku ile, akafariki Januari. Filamu ilifika mpaka kuteuliwa kwa tuzo za Oscar. Nimeifurahia, lakini inanikera jambo moja: walioitengeneza ni wanafunzi kutoka Ujerumani. Jambo limetokea kwetu, mashujaa ni wetu, na Kiswahili na Kisomali vimo. Sisi tulikuwa wapi? Tulikuwa tunatazama Bauer.

Kwa hivyo ombi langu ni dogo. Simu unayo. Kuna wazee Hola walio hai waliokuwa vijana 1959. Kuna mama Kipao, kuna mama Chamwanamuma. Kuna dereva wa basi anayeijua barabara ya Nyongoro kuliko kamera yoyote. Omba ruhusa, kaa naye, rekodi dakika tano, usimkatize. Asiyetaka uso uonekane, rekodi sauti tu. Tuma inboksi ya ukurasa huu kabla ya Ijumaa ijayo, na useme ni ya kijiji gani. Ya Waorma na ya Wapokomo tutaziweka pamoja, moja baada ya nyingine, na atakayeleta matusi kwa maoni tutamtoa.