Chakula Wamepunguza, Sindano Wameongeza

Maneno haya si yangu. Niliyasikia kwenye foleni ya mgao, nyuma yangu, kwa mama mmoja mwenye mtoto mgongoni: "Chakula wamepunguza, sindano wameongeza!" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Jioni nikiwa nachambua maharage ndipo nikaanza kuyawaza vizuri. Yule mama ana haki, na yule mama amekosea, na sitaki moja lifunike lingine.

Nianze na nyinyi wa mashirika, maana najua mnatusoma. Kila kampeni ya chanjo ikikwama mnaandika kwenye ripoti: uelewa mdogo wa jamii. Halafu inaletwa semina. Ile ya mwisho niliyokaa mimi, tulionyeshwa bango la makundi ya vyakula. Samaki, mayai, maziwa, papai, mboga za majani. Kijana wa watu akauliza, haya akina mama, nani amempa mtoto yai wiki hii? Kimya. Akaandika kwenye daftari lake. Hadi leo natamani kujua aliandika nini. Mama aliyezaliwa Baraka, aliyekuzwa kwa migebuka na ndagala wa Ziwa Tanganyika, leo anafundishwa kwamba samaki anajenga mwili!

Elimu hiyo tunayo. Kinachokosekana ni yai. Hesabu ya mashirika yenyewe inasema mtu apate kilokalori 2,100 kwa siku. Hapa Nyarugusu, katikati ya mwaka 2023 mgao ulishuka hadi nusu. Kutoka kambini kwenda kulima haturuhusiwi, vibarua vijijini haturuhusiwi. Wapo wanaokwenda kwa kujificha, siwataji. Sasa hilo bango linamsemesha nani?

Na msidhani haya yameanza kwetu. Mwaka 1990, wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi waliacha kupata karanga kwenye mgao wao. Miezi michache tu, wakaanza kuugua pelagra: ngozi inababuka shingoni na mikononi, tumbo linaharisha, akili inavurugika. Waliougua walipita 18,000. Mahindi yana niasini, lakini imejifunga humo ndani kiasi kwamba mwili hauipati vizuri. Karanga ndizo zilizokuwa zinaziba pengo. Hakuna semina ambayo ingewaponya wale watu. Walikatiwa karanga, basi.

Halafu kuna hili la pakiti. Mtoto anapimwa mkono kwa ule utepe, ukionyesha nyekundu, yaani chini ya sentimita 11.5, anaandikiwa zile pakiti za karanga zilizosagwa. Kila moja ina kilokalori 500. Nyumbani wako watoto wengine watatu, wanamtazama mwenzao anavyonyonya pakiti. Mama anawagawia. Mkigundua, mnamgombeza mbele za watu kama mwizi wa dawa ya mwanawe. Hivi nyinyi mngewafungia wale watatu mlango?

Basi, hayo ni yenu. Sasa nageuka kwa ndugu zangu wa zoni zote, na msinune.

Yule mama wa foleni alikuwa ameikataa chanjo ya surua. Hakusema inaleta utasa, hakusema ni ya shetani. (Hao wa shetani wapo, nitawaandikia siku yao.) Alisema: kama kweli wanamjali mtoto wangu, wampe kula kwanza. Hoja ya mtu mwenye akili. Lakini jamani, tunamwadhibu nani hapo? Mtu mzima akigoma kula, anagoma kwa mwili wake mwenyewe. Huu mgomo wetu tunaufanya kwa mwili wa mtoto ambaye hata hajui tumemgombania nini.

Kirusi cha surua kinaweza kubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka. Fikirini lile banda la mgao, tunavyobanana mle tangu asubuhi. Na mtoto mwenye njaa ndiye anayeumizwa zaidi. Vitamini A yake ilikuwa kidogo tangu mwanzo, surua inakuja kuimaliza hiyo hiyo, ndipo macho yanapoharibika, ndipo nimonia na kuharisha vinapopata njia. Kwa hiyo mgao ukipungua, chanjo ndiyo kwanza inatakiwa zaidi. Sindano ya kwanza miezi 9, ya pili miezi 18. Kama kadi ilibaki njiani wakati wa kukimbia, mpeleke achomwe tena, kurudia hakumdhuru.

Kule kwetu Kongo, mwaka 2019 dunia nzima ilikuwa inatazama Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri. Ebola ile iliua watu zaidi ya 2,200. Surua ilizunguka mikoa yote bila kamera, hadi Januari 2020 ilikuwa imeua zaidi ya 6,000, wengi wao watoto wadogo. Na mimi mdogo wangu wa kike alikufa kwa surua tukiwa msituni, kabla hatujavuka ziwa. Hakuna aliyemnyima sindano. Hazikuwepo.

Ombi langu kwa mashirika ni moja. Siku ya chanjo, anayehusika na chakula naye aje. Akae meza ya pili, pale pale, aulizwe habari za mgao na ajibu. Msituletee sindano mkono mmoja na mkono wa pili mkauficha.

Yule mama nilimfuata nyumbani kwake. Tulibishana hadi chai ikapoa. Kesho yake tukaenda wote, mtoto akachomwa, akalia, akanyamaza. Mama akamuuliza nesi: mgao utarudi lini kama zamani? Nesi akasema hilo si la idara yake.