Posa ya Karagwe na nauli ya kwa mama

Mashoga, posa ikitoka Karagwe au Kyerwa huwa tunauliza: ndege saa ngapi? Kwetu sisi swali hilo halitoshi. Unguja hadi Bukoba, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 980, lakini safari kwa kawaida hupitia Dar es Salaam, pengine na Mwanza. Ukishuka Bukoba bado hujafika: kuna gari kupitia Kyaka mpaka Kayanga, na aendaye Nkwenda, Kyerwa, huendelea mbele. (Mwenye mtoto mchanga ndiye atakayezihisi saa hizo.)

Basi kabla ya akdi, pamoja na mahari, walii aulize waziwazi: bibi harusi atakwenda kwao mara ngapi kwa mwaka, na nauli ni ya nani? Jibu liandikwe, mashahidi wakiwepo.