AFYA YA FAMILIA: Kiporo na Vijidudu Vyenye Subira

Ndugu msomaji, ni nani miongoni mwetu asiyekijua kiporo? Wali uliobaki usiku hufunikwa sufuriani, na alfajiri hupashwa moto, watoto wakala kabla ya kwenda shule na baba kabla ya kuwahi zamu. Hilo si jambo la kuonea haya. Hata hivyo, hutokea kabla ya adhuhuri mtoto akawa anatapika, na mama akabaki akishangaa: “Mbona nilikipasha mpaka kikatoa mvuke?”

Jibu limo katika tabia ya bakteria aitwaye Bacillus cereus. Makazi yake ni udongoni, na kutoka huko huingia katika mpunga na hatimaye mchele. Akishiba, huzaliana. Njaa ikimkabili, hakurupuki. Habari ya njaa hupokezanwa na protini kadhaa ndani ya seli, mithili ya wakimbiaji wanaopeana kijiti, hadi iifikie protini kuu iitwayo Spo0A. Dhiki ikizidi, hiyo ndiyo huziamuru jeni za kujihami zianze kazi. Seli hujigawa sehemu mbili zisizo sawa. Ile kubwa huimeza ndogo, huijengea magamba mazito, kisha yenyewe hupasuka na kufa. Kinachosalia ni spora, mfano wa mbegu kavu iliyolala, isiyokula wala kukua. Mwaka 1876 mtaalamu wa Kijerumani, Ferdinand Cohn, alieleza jinsi spora za bakteria wa jamii hii zinavyostahimili hata maji yanayochemka.

Basi, kupika wali huwaua bakteria walio macho, lakini spora huweza kusalimika. Wali ukiwa vuguvugu, spora huhisi kuwa chakula kipo, zikazinduka na kuzaliana usiku kucha. Baadhi ya bakteria hao hutoa sumu ya kutapisha, nayo haiharibiwi na moto wa kupashia. Mwaka 1971 huko London watu waliugua kwa kula wali wa kukaanga, uliokuwa umechemshwa na kuachwa nje ya jokofu.

Tufanyeje? Wali uliobaki utandazwe katika sinia pana upoe upesi, kisha uwekwe ndani ya jokofu kabla ya saa mbili kupita. Asiye na jokofu na apime mchele wa mlo mmoja. Wali uliolala nje usiku kucha usiliwe, hata ukiwa haujachacha wala kunuka. Ugonjwa huu kwa kawaida hupita ndani ya siku moja. Lakini mtoto anayetapika mfululizo apelekwe zahanati bila kukawia, maana sumu hiyo imewahi kuua.

Wahenga walisema akiba haiozi. Naam, lakini akiba ya wali yataka kuwekwa mahali pa baridi.