Kidonge cha Shangazi Kabla ya Nikaha

Leo sina maneno matamu.

Siku tatu kabla ya nikaha, huko Muleba, bibi harusi alikuwa amejikunja kitandani. Tumbo limejaa, mara anaharisha, mara hapati choo kabisa. Shangazi akatoa vidonge alivyonunua Bukoba mjini bila cheti cha daktari. "Hivi vitakutuliza, mwanangu." Nikasoma pakiti: klordiazepoksaidi miligramu 5, klidiniamu miligramu 2.5. Wengine mnaijua kwa jina la Librax.

Jamani, hiyo si dawa ya gesi! Ni dawa mbili ndani ya kidonge kimoja. Klidiniamu hulegeza mikazo ya utumbo, lakini hukausha mdomo, hutia ukungu machoni na huweza kuzuia mkojo na choo. Nyingine ni ya ukoo mmoja na Valium: huleta usingizi, na mwili huizoea. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza ukoo huo wote uwekewe onyo zito kuhusu utegemezi. Ukiichanganya na tramadol, pumzi inaweza kukatika. Na wewe uliyeitumia muda mrefu usiiache ghafla, rudi kwa daktari akupunguzie taratibu.

Daktari akikupima akakuandikia, tumia, sina ugomvi. Ugomvi wangu ni na wanaouza bila kuuliza unatumia dawa gani nyingine, au una mimba. Bibi harusi huyu, inshallah, miezi miwili mbele huenda akawa nayo.

Kinachoniuma zaidi ni hiki: dini yetu inataka mwanamwali aulizwe idhini yake. Tutamwuliza nini huku tumemlewesha?

Nikafunga mlango, tukabaki wawili. Nikamuuliza kama anaona damu kwenye choo, kama anapungua mwili au ana homa, maana hizo si za kusubiri. Hakuna. Kumbe tumbo lilianza siku aliyoambiwa atahamia Bumbire, kisiwani, mbali na mama yake. Hofu hushuka tumboni, na hakuna aliyekuwa amemuuliza lolote, sote tulikuwa na hina na sare.

Kesho yake mama yake alimpeleka hospitali, na jioni wakakaa na upande wa bwana harusi wakazungumza habari ya makazi. Vidonge nilivichukua mimi. Shangazi hajanisemesha hadi leo.