Kabla ya Vitamini, Kipimo cha Sukari

Mtoto wa Hombolo akipandwa na homa kali usiku, mzazi huwaza usafiri na umbali wa kufika Dodoma mjini. Lakini kinachoweza kumwangamiza mtoto kimejificha ndani ya chembe za mwili wake.

Katika sepsisi, yaani mwili unapojidhuru ukipambana na maambukizi makali, kinga ya mwili hupiga vimelea kwa molekuli kali za oksijeni. Zikizidi, huwageukia wenyeji na kuunguza mitokondria, majiko ambamo chembe hupikia nguvu zake. Na mgonjwa hali chakula, kwa hiyo mwili unayeyusha mafuta yake na kuyamwaga kwenye damu yawe kuni. Majiko mabovu hayazimalizi kuni hizo. Watafiti waliopima damu ya wagonjwa wa sepsisi walikuta mabaki ya mafuta yaliyoungua nusu yakiwa mengi zaidi kwa waliofariki kuliko kwa waliopona. Mtoto mdogo, mwenye akiba ndogo ya sukari kwenye ini, huishiwa upesi. Huzimia, au hushikwa na degedege, na huenda watu wakatafuta mchawi.

Basi wengine wakasema: moto huo wa oksijeni tuuzime kwa vitamini C. Jaribio la LOVIT, lililochapishwa 2022 likiwa na wagonjwa 872 mahututi, likawakatisha tamaa. Asilimia 44.5 ya waliochomwa vitamini hiyo walifariki au walibaki na viungo vilivyoshindwa kazi, dhidi ya asilimia 38.5 ya wenzao wasiochomwa.

Afrika Mashariki tulikwisha kupata onyo kama hilo. Mwaka 2011 utafiti wa FEAST, uliohusisha watoto 3,141 wa Uganda, Kenya na Tanzania, ulionyesha kuwa dripu ya kasi kwa watoto wenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu iliongeza vifo ndani ya saa 48: kutoka asilimia 7.3 hadi zaidi ya 10. (Mtoto anayeharisha hakuhusika; yeye maji ni dawa yake.)

Kwa hiyo shilingi zikiwa chache, zianzie kwenye vibanzi vya kupimia sukari, antibiotiki, oksijeni na gari la wagonjwa, hadi zahanati ya mwisho. Elimu ya chembe haidharauliwi hapo, kwa kuwa ndiyo inayotuagiza tupime sukari.

Nawe mzazi, mwanao akikataa kunyonya, akitapika kila kitu, akilegea au akishikwa na degedege, usingoje kukuche.