Mbwa afundishwe angali mdogo

Mwezi huu tuongee juu ya mbwa. Hapa kambini nyumba zimebanana, kwa hiyo mbwa wako ni mbwa wa jirani pia. Akimuuma mtoto wa mwenzako, ugomvi hauishi leo wala kesho.

Mara nyingi ni sisi wenyewe tunamfundisha kuuma. Angali mdogo, watoto wanampa kidole atafune, tunacheka. Akikua anafanya vilevile na meno makubwa, halafu tunachukua fimbo. Kosa ni la nani?

Anza akiwa na miezi miwili. Mpe jina moja fupi, nyumba nzima mumwite hilo hilo. Ukimwita akaja, mpe kipande cha ugali papo hapo. Akiuma mkono wako katika mchezo, simama, mgeuzie mgongo. Ataelewa kwamba kuuma kunamaliza mchezo. Usimpige, maana mbwa mwenye woga ndiye anauma. Dakika tano kila siku zinatosha. Watoto nao wajue: mbwa akila au akilala, haguswi.

Akifikisha miezi mitatu, achanjwe kichaa cha mbwa. Na mtu akiumwa, hata na mbwa wa nyumbani, osheni kidonda kwa sabuni na maji mengi dakika 15, kisha kimbieni zahanati siku hiyo hiyo. Msingoje dalili. Zikishaonekana, hakuna dawa ya kuponya.

Haya, tuonane mwezi ujao.