Kompyuta Ikigoma Kuwaka, Okoeni Kwanza Yaliyomo



Kompyuta ya nyumbani imekuwa kasha la familia. Ndani yake mna picha za harusi, sauti ya bibi aliyekwisha kutangulia mbele ya haki, hesabu za mama auzaye mahamri na viazi karai, nakala za vyeti vya kuzaliwa, na kazi za shule za watoto. Kisha hufika asubuhi kitufe kikabonyezwa isiwake, au ikawaka ikaganda kwenye nembo. Aghalabu neno la kwanza kusikika ni kwamba ipelekwe ikapigwe fomati. Twawaomba msubiri. Mashine hununuliwa nyingine, lakini sauti ya bibi haiuzwi dukani. Kupiga fomati ni kufuta diski ili mfumo uwekwe upya. Hiyo ni dawa ya mwisho, nayo haifai kitu iwapo ugonjwa wenyewe ni waya au betri.

Kwa hivyo yapasa kutambua kwanza ni ugonjwa upi kati ya mitatu.

Wa kwanza ni wa mashine isiyoonyesha uhai: hapana taa, hapana mlio wa feni. Hapa tuhuma ni ya umeme. Ijaribuni soketi kwa chaja ya simu, kagueni waya, na mtazame swichi ndogo iliyo nyuma ya sanduku la mashine. Ikiwa ni laptopu, chomoeni chaja, toeni betri ikiwa ni ya kutoka, shikilieni kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, kisha mrudishe na kujaribu tena. Lakini kile kisanduku cha umeme kilichomo ndani ya mashine asikifungue asiye fundi, kwani huhifadhi umeme wa hatari hata baada ya waya kuchomolewa.

Wa pili, feni yazunguka na taa yawaka, ilhali skrini ni nyeusi. Hakikisheni waya wa skrini umekaza na skrini yenyewe imewashwa. Mashine ikitoa mlio wa kukariri, mara nyingi yalalamikia ramu. Hewa yetu ya pwani ina unyevu na chumvi, nayo hula vyuma pole pole. Zimeni, mchomoe waya wa umeme, mguse chuma cha sanduku ili umeme wa mwilini ushuke, kisha mtoe kibao cha ramu, mkifute kwa kitambaa safi kikavu, na kukirudisha mpaka kibane.

Wa tatu, mashine yaandika kwamba haioni diski, au yaingia Windows nusu ikaanza tena. Chomoeni flashi, printa na kila kisichohitajika, kwa sababu huenda kompyuta inatafuta mfumo ndani ya flashi isiyo na mfumo. Tazameni pia saa yake. Ikiwa kila umeme ukikatika hurejea tarehe ya miaka ya nyuma, basi betri ndogo ya duara iliyomo ndani, mfano wa sarafu, imekwisha. Katika kompyuta nyingi za mezani ni ile ya volti 3 iitwayo CR2032. Ikifa, mashine husahau mipangilio yake.

Windows 10 na 11 zikishindwa kuanza mara kadhaa mfululizo, hufungua zenyewe ukurasa wa matengenezo. Chagueni lile la kurekebisha kuanza kwa mashine, kisha lile la hali salama, ambalo huwasha kwa mambo ya lazima tu. Lile la kuweka mashine upya ni la mwisho, nalo huuliza swali zito: mafaili yabaki au yaondolewe yote? Hata yakibaki, programu mlizoongeza huondoka. Kompyuta nyingi mpya hufunga diski kwa ufunguo wa siri wa tarakimu 48, na huenda zikauomba baada ya matengenezo. Mara nyingi ufunguo huo huwa umehifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Undikeni leo, ingali nzima.

Ikiwa yote yameshindikana, diski yaweza kutolewa, ikatiwa katika kasha lenye waya wa USB, na kusomwa na kompyuta nyingine. Ila ikitoa mlio wa kugonga-gonga, izimeni papo hapo. Kila inapozunguka huzidi kujidhuru.

Hapa twataka akina mama watusikilize zaidi. Ndani ya diski mna picha mlizopigana ukumbini bila buibui, miongoni mwa wanawake watupu. Mashine ikikabidhiwa fundi, huenda zote hizo zimekabidhiwa pia. Ikiwa ubovu ni wa feni, skrini au umeme, mwombeni fundi aitoe diski mbele yenu, mrudi nayo nyumbani. Ikiwa ni lazima ibaki, ahudhurie mtu wa nyumbani wakati wa kunakili, na neno la siri lisiandikwe kwenye karatasi ya dukani. Kufanya hivyo si kumdhania fundi vibaya. Ni kumpunguzia mzigo wa amana. Katiba ya Kenya, kifungu cha 31, nayo yatambua haki ya faragha, na tangu mwaka 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data. Lakini picha ikishatoka, sheria hairudishi sitara.

Wahenga walisema akiba haiozi. Yaliyo na thamani yawe na nakala 3, katika vyombo vya aina 2, na 1 kati ya hizo ikae nje ya nyumba, mathalani kwa dada au kwa mama mzazi, ili moto, maji au mwizi asichukue vyote kwa mkupuo. Tengeni alasiri ya kila Alhamisi, mtoto mkubwa apewe kazi hiyo, nanyi mhakikishe nakala zafunguka. Nyumba iliyofanya hivyo, kompyuta yake ikigoma, itapoteza siku moja na pesa za fundi, haitapoteza sauti ya bibi.

Wabillahi tawfiq.